Mkwe Aliyesimama Kando ya Ghala

Viatu vyake nilivijua kabla ya uso wake, na kwa miaka mingi sikutarajia mpango huo ubadilike. Kwetu mama mkwe hampi mkwewe mkono. Hakai naye chumba kimoja, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja ataingia hata kwenye shamba la watu ili wasigusane bega. Wazee walituambia anayevunja desturi hiyo mikono yake itatetemeka uzeeni, hataweza kushika kikombe. Vijana wa mjini wanacheka. Wanakumbatiana na wakwe zao mlangoni pa kanisa wakipigwa picha. Mimi sijawahi kucheka. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, vitabu nimesoma, lakini nikiwa msichana nilimwona bibi mmoja wa jirani akimwaga uji wake kila asubuhi kabla haujafika mdomoni, na nikaambiwa sababu. Niliogopa siku ile na sikuacha.

Kwa hiyo mtu aliyemwoa binti yangu Mmbone nilimjua kwa vipande. Viatu vyeusi vya kortini, vimepigwa rangi vikang'aa, vimesimama kwenye udongo wetu mwekundu wa Malinya kando ya ghala la mahindi. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Akifika nyumbani hakusogea zaidi ya hapo mpaka nimeitikia. Alinigeuzia ubavu, akaangalia migomba, akasema, "Mama, mulembe." Nami nikiwa mlangoni pa jiko nikajibu nikiangalia viatu. Kijijini walimwita Wakili, baadaye wakamwita Balozi. Mimi nilimwita Mkwe tu.

Sauti yake niliipata kortini. Desturi inakataza chumba kimoja, lakini nilijiambia korti si chumba, ni serikali, nikaenda Kakamega mjini na kuketi benchi la mwisho nyuma ya mwanamume mnene. Alikuwa akiwatetea vijana wachimba dhahabu waliofukiwa na shimo wakatoka wazima, na mwenye shamba akawashtaki kwa kuharibu ardhi. Sauti ilijaza nyumba ile mpaka askari wa mlangoni akakaa wima. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona mikono aliyoificha mgongoni. Ilikuwa imeshikana, vidole vimekuwa vyeupe. Mmbone aliniambia baadaye kwamba kila asubuhi ya kesi hutapika chooni kwenye ofisi yake, pale ghorofani juu ya duka la misumari na saruji, halafu husukutua mdomo na kufunga tai. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa nikiogopa kwamba binti yangu ameolewa na mtu asiyeogopa chochote, na watu wa aina hiyo nimewazika wengi.

Aliogopa radi kuliko jela. Huku kwetu mvua haikosi kuja alasiri, na haiji kimya. Ikianza kunguruma huvua saa, huzima simu, huburuta kiti katikati ya sebule mbali na dirisha, halafu huinua miguu yote miwili juu ya stuli. Marehemu mume wangu alikuwa akija jikoni kunihadithia huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtu wa kesi," alisema, "sijui mbinguni wamemfungulia kesi gani." Siku moja mume wangu akampeleka kutazama fahali wakipigana, ili amkomaze. Wanaume wote wakawa wanatazama fahali. Mkwe alitazama njia. "Mzee," akasema, "nyuma yetu kuna ua, kulia kuna mto, likitokea jambo tukimbie kushoto." Hakuna aliyemuuliza. Jioni ile fahali mmoja alivunja mduara akaingia kwenye watu, na mume wangu alirudi nyumbani na matope mpaka kiunoni. Mkwe alirudi na viatu vyake safi. Kicheko cha jikoni kilipungua baada ya hapo.

Neno lake lilikuwa moja, "Sina ushahidi." Ukimuuliza kama mvua itanyesha, hana ushahidi. Ukimuuliza kama mtoto wa fulani kapata kazi kweli, hana ushahidi. Jirani yangu Selina, ambaye hajui kunyamaza, alimuuliza kupitia dirishani, "Wewe wakili, unampendanga Mmbone?" Akajibu kwamba kwa hilo ushahidi upo, ila uko kwa Mmbone. Selina alilirudia jibu hilo sokoni wiki nzima.

Na bado alikuwa mwongo. Siku moja nilimchinjia kuku, maana mkwe akija lazima ingokho ipikwe hata kama umebaki na jogoo mmoja. Nilikuwa na mawazo mengi, nikasahau chumvi, si kwa nyama wala kwa mboga. Mmbone akampelekea sebuleni na obusuma, ugali wetu, wa moto. Sahani zikarudi zimekombwa, pamoja na ujumbe: "Mwambie mama imekolea kabisa." Mimi nikaonja mabaki ya sufuria nikakaa chini kwa aibu. Sikuelewa mtu huyu ambaye hakubali kwamba jua limechomoza mpaka alione, anawezaje kusema uongo mnono namna hiyo. Mmbone alicheka akasema, "Mama, hiyo haikuwa kesi. Hiyo ilikuwa heshima." Nafikiri ndani yake kulikuwa na wakili mmoja na balozi mmoja, na wote wawili walikula kuku yule.

Alipoacha uwakili nilidhani amerogwa. Ofisi ilikuwa na watu hadi kwenye ngazi. Alikuja akasimama kando ya ghala akasema, "Mama, nimechoka kushinda." Nikamwambia mchovu hulala, haachi kazi. Akaniambia kila siku anaposhinda, kuna mtu upande wa pili wa ukumbi anayekwenda nyumbani akilia, na mara nyingi mtu huyo ni wa hapa hapa, atakutana naye sokoni Jumamosi. Wizara inayoshughulika na nchi za nje ilikuwa inatafuta wanasheria. Alikwenda Nairobi kuhojiwa, akarudi, akaitwa tena, kisha akawekwa darasani na vijana wadogo kufundishwa upya: nani anasalimiwa kwanza, nani anapita mlangoni kwanza, unakaa wapi, unanyamaza lini, unamwambiaje mtu hapana naye akaondoka akiwa ameridhika. Wenzake walihangaika. Yeye alimwambia Mmbone hakuona jipya. Kusema na mtu bila kumkaribia, bila kumtazama, na bado ukapata ulichokuja kutafuta, alikuwa amejifunza kando ya ghala langu.

Kijiji kilimpa ubalozi siku hiyo hiyo. Walitaka gari lenye bendera. Walimletea watoto wao wenye vyeti, wakamletea na wasio na vyeti. "Mimi si balozi," aliwaambia. "Balozi ni yule anayelala. Mimi ni yule anayeamshwa." Na ni kweli, kazi yake haikuwa karamu. Alikuwa mtu wa magereza na vyumba vya maiti. Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumba wakanyang'anywa pasi zao za kusafiria, yeye ndiye aliyekwenda kubisha lango. Dereva aliyefungwa kwa kosa asilolielewa lugha yake, yeye. Mwili wa kurudishwa nyumbani uzikwe na watu wake, yeye. Alisema nusu ya kazi ile ni kuwapigia simu mama za watu.

Hapo lazima nieleze habari ya simu. Alipomchukua Mmbone wakaenda nchi ya kwanza, niliogopa kwamba nimempoteza na huyu niliyemjua kwa viatu. Halafu simu ikaita, ni yeye. Nilisita. Desturi haikusema lolote juu ya simu, walioitunga hawakuwa nazo. Nikafikiri: simu haina mkono, haina chumba, haina meza. Nikaketi nikaongea naye. Tukaongea mpaka Mmbone akalalamika kwamba mama ni wake. Aliniuliza kuhusu mbolea, kuhusu goti langu, kuhusu ng'ombe. Nilimuuliza huko wanakula nini. Mtu ambaye hakuwahi kuketi mbele yangu akawa ndiye ninayemweleza usingizi unaponipotea. Selina alishangaa, "Huyu wenu anakupigianga kila Jumapili? Wangu wako Shianda tu hapa na hawapigi."

Kila simu aliianza kwa namna moja. "Mama, mulembe. Wote wako wazima." Kabla ya habari ya hali ya hewa, kabla ya kuuliza nimeamkaje, sentensi hiyo. Aliitoa kwenye kosa la zamani akiwa wakili. Alikuwa na mteja wa huku kwetu, na siku moja akampigia mke wa mteja huyo kumwambia kesi imeahirishwa. Akaanza kistaarabu: "Mama, uko wapi? Uko na nani? Keti kwanza." Mke akaketi, akatupa simu, akapiga nduru. Hapa kwetu mtu wa mjini akikupigia na kukuambia uketi, unajua umefiwa. Majirani wakaja mbio na viti. Kuni zikaletwa, hema likafungwa, mwanamume mmoja akaanza kupima mahali pa kaburi. Mteja mwenyewe alirudi kutoka kortini na mkate kwapani, akakuta kwake watu wamejaa wanamlilia. Mkwe alikuwa akisimulia hayo na watu wanavunjika mbavu, lakini yeye hakucheka. Alisema yule mwanamke alimshika mumewe uso kwa mikono miwili, na yeye wakili akaona ni kiasi gani cha hofu anachokibeba mdomoni bila kujua. Tangu siku hiyo akawa anaanza na walio hai.

Mimi niliizoea sentensi ile mpaka ikawa ndiyo usingizi wangu. Sikuifikiria. Niliisikia, nikajua Mmbone yupo, na baadaye nikajua na mtoto wao yupo, kisichana kilichozaliwa huko. Halafu tukaendelea na goti.

Kituo chake cha pili ni nchi ambayo sitaitaja. Mwenyewe hapendi itajwe wakati bado kuna watu wetu huko. Mapigano yalianza mjini asubuhi ya kawaida. Niliyasikia kwenye redio nikiwa nachambua maharagwe, na maharagwe hayo nafikiri hadi leo yako ndani ya ungo. Simu haikuingia siku hiyo wala iliyofuata. Niliwasha redio na kuizima. Nilitoka nje kutafuta mtandao nikarudi, nikatoka tena. Kulipokucha mara ya tatu ikaita.

"Mama, mulembe."

Nikangoja. Kwa mbali nyuma yake kulikuwa na mlio, kama mtu anayedondosha mbao.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Sema ile yako."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikasikia kinagonga kisahani, na sikuwa nimekigongesha.

"Mama, siwezi kuisema," akasema. "Familia ziliwekwa kwenye basi jana asubuhi zipelekwe mpakani. Mmbone na mtoto walikuwa ndani. Basi halijafika. Mimi nimebaki, kuna watu wetu wamejificha kwenye uwanja wa ofisi, siwezi kuwaacha. Sijui basi liko wapi. Sina ushahidi wa jambo lolote, zuri wala baya."

"Mkwe," nikasema, "nidanganye."

"Mama..."

"Nidanganye kama ulivyonidanganya juu ya ile kuku isiyo na chumvi."

"Ya chumvi niliweza," akasema, na laini ikakatika.

Sijui kuelezea siku zilizofuata. Watu husema waliogopa, nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo maisha yangu yote, naogopa mvua, naogopa deni la shule, naogopa nyoka. Hii haikuwa hiyo. Nilikuwa nikisimama katikati ya chumba na kusahau nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa nikishika nguo za Mmbone za usichana, nikaziweka haraka nisije nikaonekana nazishika kama za marehemu. Selina alihamia kwangu na blanketi lake. Akasema, "Tuite wakristo waje waombe?" Nikakataa kwa ukali. Wakija watahitaji viti. Sikutaka hata kiti kimoja uani mwangu. Nilijua jinsi inavyoanza, kiti kimoja, halafu kuni, halafu hema. Mtu alipita barabarani amebeba benchi kichwani nikatoka mbio kuhakikisha haingii kwangu.

Simu haikuita tena, na mimi sikuwa tena na uhakika kwamba nataka iite. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kutisha zaidi. Nilikuwa nimemwomba anidanganye. Sasa akipiga akasema wote wazima, nitajuaje kama ni kweli au ni heshima?

Alasiri moja Selina alikwenda kwake kufunga kuku kwa sababu mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi upande wa msituni. Mimi nilikuwa peke yangu jikoni. Mvua ilikuja na mawe, na jiko langu ni la mabati. Yeyote aliyewahi kuwa chini ya mabati mvua ya mawe ikinyesha anajua kwamba hapo hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Nikasogea mlangoni kutazama mahindi yanavyoharibiwa, nikaona miguu kando ya ghala.

Viatu havikuwa vyake. Zilikuwa ndala za plastiki za buluu, na miguu iliyojaa vidonda vya kutembea. Lakini hakuna mtu mwingine duniani anayesimama pale. Nikainua macho polepole, magoti, shati lisilokuwa lake, mikono. Hakuwa na begi. Hakuwa na mtu nyuma yake. Njia yote mpaka lango ilikuwa tupu.

Alikuwa akisema kitu. Niliona mdomo unafunguka na kufungika, na sikusikia neno. Mawe yalikuwa yanampiga kichwani na mabegani. Radi ikapasuka karibu kabisa, mbwa akaingia chini ya ghala, na mtu yule ambaye huinua miguu juu ya stuli akiwa ndani ya nyumba hakutikisika. Hakusogea hata hatua moja kuja kwangu. Nilikuwa peke yangu jikoni, na yeye alikuwa anailinda mikono yangu isije ikatetemeka uzeeni.

Kwa mara ya kwanza nikautazama uso wake vizuri, nitafute habari humo. Sikupata. Nyuso za wanafunzi wangu nilizisoma zote, wa mume wangu niliusoma hata gizani, lakini huu sikuwahi kujifunza kuusoma. Ulikuwa umekonda, umelowa. Ulikuwa uso wa mtu aliyezika, na ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, na sikujua tofauti. Nikafikiri, nikibaki hapa mlangoni Mmbone bado hajafa. Mvua ikikatika nitasikia. Nikaiomba mvua isikatike, na mimi ni mkulima.

Kisha nikatoka. Sikuamua. Nilivuka ua mawe yakinipiga, nikamshika mkono, huo mkono niliouona kortini umefichwa mgongoni, nikamvuta kama ninavyovuta ndama mpaka ndani ya jiko. Ulikuwa baridi. Alishtuka akajaribu kuurudisha, nikaukaza. Hata ndani hatukusikiana. Ikabidi ainame, aweke mdomo sikioni kwangu.

"Mama, mulembe. Wote wako wazima."

Sikumwachia. Nikamtazama.

"Basi lilizungushwa kwa njia nyingine," akasema kwa nguvu, pumzi yake ikinichoma sikio. "Walikaa kijijini kwa watu, hakuna simu. Nilitoka kwa miguu na kundi la kwanza la watu wetu, nikawakuta huko. Mtoto alipata homa. Wako hospitali ya misheni hapo Mukumu, nimewaacha kwenye dirisha la dawa, Mmbone anakula ndizi. Nimewaona kwa macho yangu, mama."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Ningepiga," akasema, "ungefikiri ni ya chumvi."

Nililia nikiwa nimemshika mkono, na yeye alilia akiwa ameangalia upande, kwenye moto, kwa sababu ya adabu.

Jioni Mmbone aliingia na mtoto mgongoni akatukuta tumekaa jiko moja, kila mtu na kikombe chake. Alisimama mlangoni akatutazama, akaninyang'anya kikombe kabla hakijamwagika. Ilikuwa kweli, mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na haijaacha. Kanisani wanawake wa rika langu wanaitazama kisha wananiangalia usoni kwa huruma. Wanajua sababu, Selina amewaambia. Siwabishii. Mimi najua ilianza kwenye kikombe cha ile simu, kabla sijamgusa, na ushahidi ninao.

Watu wetu wengine bado wako kule kwenye uwanja wa ofisi. Wizara imemwita, na yeye amekubali. Nilipomuuliza kama haogopi, aliniambia ameshatapika asubuhi. Mmbone na mtoto watabaki nami. Sasa nitakuwa nikingoja simu ya mwanzo ule ule, na nimegundua kwamba miaka yote aliposema wote wako wazima, sikuwahi kumhesabu yeye.

Anaondoka Alhamisi. Amesema atakuja kuaga, na najua atasimama kando ya ghala, ubavu, akitazama migomba. Nimemwambia Mmbone amlete mpaka mlangoni. Nitampa mkono. Kama ni kutetemeka, nimeshaanza.